Pindo la Bustani

 

Mwisho huu wa Februari, hapa Msamvu, Morogoro, kila mtu anautazama mlima wa Uluguru. Mawingu yakikaa juu ya kilele cha Bondwa tangu alfajiri na saa tano ikayakuta bado yapo, tunajua masika haiko mbali. Na masika ikikaribia, barabara zetu zinabadilika. Abiria wa bodaboda amepakata mwaridi kama anavyopakatwa mtoto. Mama anashuka kwenye daladala na viriba vitatu vya hibiskasi ndani ya ndoo. Pale njia za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zinapokutana, katikati ya vumbi na honi, utawaona watu wanaelekea nyumbani na miche mikononi. Mimi huona raha sana kuwatazama, na ni kwa ajili yao nimeandaa mazungumzo ya leo.

Nataka kuzungumza juu ya nafasi: tuache kiasi gani kati ya mche na mche, na nani akae jirani na nani.

Kanga ina mji na ina pindo. Ua wa nyumba nao ni hivyohivyo. Mji ni pale katikati, watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa. Pindo ni ule ukanda mwembamba kando ya ukuta au kando ya michongoma, ambao kwa wengi wetu ndiyo bustani pekee tuliyojaliwa, maana viwanja vya mjini vimekuwa vidogo. Mtu ana mita moja ya upana, akibahatika moja na nusu, na ndani ya ukanda huo anataka maua, anataka mchicha, anataka mchaichai wa chai ya jioni na kivumbasi cha kufukuzia mbu. Anavitaka vyote, tena ana haki ya kuvitaka vyote. Shida haijawahi kuwa wingi wa vitu anavyovitaka, shida iko kwenye namna ya kuvikalisha.

Ukanda wangu una urefu wa mita 9 na upana wa mita moja na nusu. Uko chini ya ukuta wa tofali za kuchoma wenye kimo cha mita 2, upande ule unaoutazama Uluguru. Nilipoupanda mara ya kwanza nilinunua miche 60. Aliyeniuzia alinishauri nipande futi kwa futi ili ukanda ujae upesi, na kwa kuwa nami nilitaka ujae upesi, nikafanya hivyo: mistari miwili, miche 30 kila mstari. Waridi, krotoni, hibiskasi, vinka, mchaichai, na bogenvilia mbili.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa furaha. Majirani walisimama langoni kutazama. Masika ya pili ilipopita, mchaichai niliokuwa nimeupanda mashina matatu tu ulikuwa kichaka kipana kuliko ungo. Krotoni zilirefuka kwa kugombea mwanga, zikawa na majani juu tu na miguu mitupu chini. Bogenvilia zilitandaza matawi juu ya kila kitu, na miiba yake ikawazuia watoto kuokota hata mpira. Juni, kipupwe kilipoingia, nilifunua majani ya mwaridi nikakuta unga mweupe umetanda, kama mtu amepita na chekecheo la sembe. Niliupangusa kwa kidole, ukatoka. Baada ya siku chache ulikuwa umerudi.

Huo ni ubwiri unga. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalijua jina hilo vizuri, ingawa kimelea kinachoshambulia korosho ni kingine na hiki cha waridi ni kingine. Tabia zao zinafanana: hustawi pale majani yanapobanana na hewa isipite. Nilinunua dawa, nikapulizia, nikapulizia tena. Dawa haikuweza kufanya kazi ambayo upepo ulinyimwa nafasi ya kuifanya.

Mwishowe nilichukua jembe. Mwaridi wa tano nilioung'oa ulitoka na mizizi ya krotoni imeusokota kama nywele zisizochanwa mwezi mzima, na ilibidi nikae chini nikate mmoja mmoja kwa kisu. Ndipo nilipoelewa kuwa ugomvi niliokuwa nikiuona juu ulikuwa mdogo, ugomvi mkubwa ulikuwa chini ya ardhi, juu ya maji na samadi. Siku ile niling'oa miche 38. Iliniuma, kwa sababu kila mmoja niliumwagilia kwa mkono wangu.

Sasa sikiliza hesabu ambayo ningependa ningeijua kabla. Unaponunua mche, usiutazame ulivyo ndani ya kiriba. Uliza ukikomaa utakuwa na upana gani. Hibiskasi inayokatwa vizuri hufika mita moja na nusu. Mchaichai, mita moja. Vinka, sentimita 40 hivi. Kisha chukua nusu ya upana wa huyu, jumlisha na nusu ya upana wa jirani yake, hiyo ndiyo nafasi kati ya shina na shina. Hibiskasi na mchaichai: sentimita 75 na sentimita 50, jumla mita moja na robo. Majani ya jirani hawa wawili yatakuja kugusana, yatafunika ardhi lisiote gugu, lakini hakuna atakayemkalia mwenzake.

Fanya hesabu hiyo kwenye mita 9 zangu utashangaa. Bogenvilia moja ya kuelekezwa ukutani, mita 2. Hibiskasi mbili, mita 3. Michaichai miwili, mita 2. Mgomba mmoja mwishoni kabisa, karibu na maji ya bafuni yanapotokea, na magimbi miguuni pake, mita 2. Ukanda umejaa. Mimea mikubwa sita pamoja na magimbi yake, badala ya ile miche 60. Iliyobaki ni midogo ya mstari wa mbele.

Na hiyo midogo ipange kwa pembe tatu. Mstari wa kwanza weka mche, mstari wa pili usiuweke mkabala na wa kwanza, uweke kwenye uwazi kati ya miwili, kama tofali za ukuta zinavyopishana. Katika eneo pana, mpango huo unaingiza miche zaidi kwa kama asilimia 15 kuliko mpango wa miraba, na kila mche unabaki na nafasi yake ileile. Kwenye ukanda mwembamba faida inapungua kidogo kwa sababu ya kingo, lakini jicho linapumzika zaidi, maana halioni mistari ya gwaride.

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya bustani haviwezi kutufundisha, kwa sababu viliandikwa mbali na hapa. Vinakwambia ukuta unaotazama kusini ndio wenye jua. Huko Uingereza ni kweli mwaka mzima. Sisi Morogoro tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua letu lina makao mawili. Kuanzia mapema Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Kuanzia hapo hadi Machi nyingine, linapita kusini, upande wa mlima. Ukuta wangu wa mita 2, mwezi Juni saa za mchana, unatupa kivuli cha zaidi ya mita moja juu ya pindo langu, na asubuhi na jioni kivuli hicho ni kirefu zaidi. Desemba, kivuli chote kimehamia kwa jirani, na mimea yangu iko uchi mbele ya jua la Msamvu, na tofali nazo zinairudishia joto.

Kwa hiyo yule mwaridi wangu hakusongwa na majirani peke yao. Nilimkalisha pasipo na jua katika miezi ileile ambayo ukungu hupenda. Niliwahamisha waridi wangu upande wa pili wa nyumba, ambako hupata jua la Juni, wakapona. Karibu na ukuta nimeacha inayovumilia yote mawili, kivuli cha kipupwe na jua la kaskazi: krotoni chache zilizobaki, ambazo rangi yake hufifia kidogo Juni kisha hurudi, na magimbi pale penye maji. Mchaichai nimeusogeza mbele. Bogenvilia haina tatizo, kichwa chake kimeshapita ukuta na kinajitafutia jua chenyewe.

Nani alinifundisha kupanga hivi? Hesabu niliipata kwa wataalamu, na mji huu wenye Chuo Kikuu cha Sokoine haukosi wataalamu. Lakini jicho nililipata Kinole.

Wengi wetu tunaijua Kinole kwa ndizi na mananasi yanayoteremka kuja sokoni. Upande ule wa mashariki wa Uluguru ndio unaopokea pepo za Bahari ya Hindi, na mvua yake ni nyingi kuliko yetu sisi wa bondeni. Nilimfuata bibi mmoja, mama mzazi wa rafiki yangu, kwenye shamba ambalo amelipata kwa upande wa mama yake, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Kwa mgeni wa bondeni lile si shamba, ni msitu. Juu kabisa mfenesi na minazi. Pilipili manga zimepanda kwenye shina la mfenesi kama kamba. Chini yake migomba. Mdalasini pembeni. Magimbi pale pabichi. Na ukingoni, mteremko unapoanza kuwa mkali, mananasi yamepangwa kwa safu yakishika udongo.

"Shikamoo bibi," nikasema, "mbona umechanganya vitu vingi hivi na hakuna kinachosongwa?"

"Marahaba mwanangu," akanijibu, akaendelea kupalilia. Baadaye alisimama akaniuliza: "Wewe ukipanda, unaujua mche wako utakaa hapo miaka mingapi?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha kwa ncha ya jembe. Huu mfenesi aliupanda mama yake. Mdalasini huu ni wa wajukuu. Mgomba atauhamisha, kwa sababu mgomba wenyewe hutembea, kila chipukizi husogea. Maharage yale yataondoka kabla ya mvua kwisha. Kila mmea ulikuwa na nafasi ya pembeni, nafasi ya juu na nafasi ya muda. Mimi nilikuwa nimepima futi za pembeni tu.

Watu wa mlima huu wamewahi kuutetea uelewa wao wa ardhi kwa gharama kubwa. Mwaka 1955, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, Waluguru walikataa na wakasimama hadharani, na mpango ule ukaachwa. Kwa miteremko yao mikali yenye udongo mwembamba wa juu, kuchimba ngazi kulileta udongo mbovu wa chini juu. Simaanishi kwamba matuta ni mabaya, nenda Mgeta ukaone kabichi na viazi vilivyopandwa kwenye ngazi ukajifunze. Nasema tu kwamba anayeishi na mteremko anajua mengi, na sisi wa Msamvu tunawaona watu wale stendi wakiwa na mikungu ya ndizi kila siku bila kuwauliza.

Swali la bibi limebadilisha pindo langu zaidi ya kamba na futi. Tatizo kubwa la kupanda kwa nafasi ya kutosha ni kwamba mwaka wa kwanza bustani inaonekana tupu. Hibiskasi mbili zenye kimo cha goti, mita moja na nusu kati yake, na udongo mtupu unaotazama juu. Hapo ndipo moyo wa mtu unaposhindwa, akarudi kununua miche mingine. Usirudi. Weka wapangaji. Mpangaji anajua siku ya kuondoka. Mchicha, baada ya wiki tatu au nne unaung'oa na mizizi yake, umekula, ardhi iko wazi tena. Figili, mwezi mmoja. Kunde, unachuma majani, unapika, nayo mizizi yake inaacha kitu kwenye udongo. Alizeti fupi mbili tatu kwa ajili ya watoto kufurahia. Mwaka wa pili wapangaji wanapungua, wa tatu wanabaki mstari wa mbele peke yake. Wenye nyumba wamekua.

Baadhi ya wenyeji wa asili wa Amerika walipanda mahindi, maharage na maboga pamoja, na mtu yeyote aliyelima hapa na mama yake ameona mahindi, kunde na maboga katika shamba moja: mmoja anasimama, mmoja anapanda juu yake, mmoja anatambaa na kuifunika ardhi. Kwenye pindo la maua sheria ni hiyohiyo. Anayesimama, anayejaza, anayetambaa. Ukiwa na watatu wanaosimama bega kwa bega, umejitafutia vita.

Majirani wengine hawafai kukaa pamoja hata ukiwapa nafasi. Nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, hawa ni ndugu, na magonjwa yao ni ya ukoo mmoja. Mnyauko ukimkuta mmoja, usimpande ndugu yake pale msimu unaofuata. Mkaratusi, hata kama uko kwa jirani ng'ambo ya ukuta, mizizi yake itafika kwako kunywa. Watu hupenda kuniuliza kuhusu yale maua ya njano na machungwa, marigodi, kama ni kweli yanafukuza minyoo fundo ya nyanya. Ni kweli kwa kiasi, lakini si kwa kupanda mche mmoja katikati ya nyanya kumi. Yanasaidia yakipandwa kwa kusongamana, eneo zima, miezi miwili au mitatu kabla ya kuleta nyanya.

Na kiu. Hili halina mjadala kwa mji unaokaa Juni hadi Oktoba karibu bila mvua. Wanaopenda maji wakae pamoja, wasiopenda wakae pamoja. Mshubiri na vinka upande mmoja, mgomba na magimbi upande mwingine. Ukichanganya, ndoo moja ya maji itamwozesha huyu na isimtoshe yule. Maji ya bafuni yaende kwenye mgomba, mboga za majani usizimwagilie hayo. Weka matandazo ya majani makavu, lakini yaache sentimita kumi kutoka kwenye shina, kwa sababu mchwa wetu akipata daraja la kufikia shina hatangoja mwaliko.

Kuhusu uzuri, nitasema kidogo tu. Kulikuwa na mwanamke mmoja Uingereza, Gertrude Jekyll, mchoraji ambaye macho yake yalikuwa dhaifu tangu ujana na ambaye aligeukia bustani. Alifariki mwaka 1932. Hakupanda maua kwa mafungu ya mviringo, aliyapanda kwa vipande virefu vyembamba vinavyopitiana. Sababu yake inatufaa hata hapa: ua likimaliza msimu wake, linaacha mwanya mwembamba ambao jirani anauziba, badala ya tundu kubwa katikati. Nimeijaribu njia hiyo kwa vinka. Nilikuwa nimezichanganya, nyeupe moja, nyekundu moja, kama madoa. Sasa nimepanda nyeupe kumi kwa mfuatano mrefu, kama kanga iliyokunjwa mara nne, na nyekundu zikapita nyuma yake. Jioni jua likizama, zile nyeupe zinabaki zinaonekana hata giza linapoingia.

Chini ya hibiskasi nimepanda mmea mwingine, mdogo, wenye shina laini la maji na maua ya rangi ya waridi. Ndugu zake wanaota wenyewe kwenye mabonde yenye kivuli ya Uluguru, kando ya vijito, na wazungu waliouchukua kutoka Afrika Mashariki wameupanda katika bustani za dunia nzima. Hauwezi jua la Desemba. Lakini mwavuli wa hibiskasi unautosha, na asubuhi nikipita na birika la maji huwa wa kwanza kunionyesha kama nimesahau kumwagilia: majani yote huwa yamelala.

Sasa, kabla mvua haijaanza, chukua kamba na vijiti. Usinunue chochote wiki hii. Choma kijiti kila mahali ambapo mmea mkubwa utasimama, zungushia kamba kwa upana wake wa kukomaa, kisha tembea katikati yake, beba ndoo, fungua dirisha, uone kama mlango bado unafunguka na kama mtoto anaweza kupita. Viache vijiti hivyo siku kadhaa.

Na katika siku za mwanzo za Machi, simamisha kijiti kimoja wima kabisa kando ya ukuta. Kitazame saa sita na dakika kama arobaini mchana. Kivuli chake kitakuwa kimetoweka, jua liko utosini. Rudi baada ya wiki mbili saa ileile. Utaona kivuli kimeanza kuchomoza, kidogo, kinaelekea upande wa mlima, na hapo utajua ni miche gani ya kuweka upande gani wa ukuta wako.